Mmea Uliokataa Samadi

Kuna harufu moja ambayo hunisimamisha njiani hata nikiwa na haraka: harufu ya samadi ya ng'ombe iliyolowa mvua ya kwanza. Wiki iliyopita nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Babati. Alikuwa amemwaga magunia mawili ya samadi kwenye bustani yake ya mchicha, na mvua ikawa imenyesha juu yake. Nilisimama pale kwenye ua wake kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Jirani akatoka na mswaki mdomoni, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nanusa tu. Alinitazama kwa huruma, akarudi ndani.

Wewe nitakueleza zaidi ya nilivyomweleza yeye, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu kidogo, na hata leo sina hakika kwamba nimeielewa yote.

Kwetu ni Bashay, wilaya ya Mbulu. Nilipokuwa na miaka tisa, nyumba yetu ilikuwa ya watu wanne: Baba, bibi yetu mzaa baba, dada yangu Marselina, na mimi Fausta. Mama alifariki nikiwa bado sijajua kutembea. Bibi tulimwita Ama, ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwa Kiiraqw, na yeye ndiye aliyetulea. Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye paa la zizi, Ama alikuwa tayari amejaza kikapu cha samadi na kukipeleka shambani kichwani. Aliamini kwa moyo wote kwamba hakuna kitu kinachoota ambacho hakitanufaika na samadi. Mahindi, maharage, vitunguu saumu, mipera, hata waridi lililokuwa mbele ya kanisa, vyote vilipata sehemu yao. Niliponuna siku moja kwa sababu nilikuwa mfupi kuliko wenzangu wote darasani, alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni akasema, "Nitakuwekea kidogo kwenye viatu."

Dada Marselina alikuwa chuo cha ualimu, anasomea biolojia. Alinizidi miaka kumi na miwili, na nilimpenda kuliko watu wote duniani. Mwezi wa sita alipokuja likizo alinichukua mpaka chini ya shamba letu, mahali ambapo maji yalichuruzika mwaka mzima na ardhi ilikuwa chepechepe. Mahindi hayakukubali pale, na ng'ombe hawakupapenda kwa sababu kwato zilizama. Baba alikuwa amepanga kuchimba mifereji, akaushe, alime vitunguu saumu.

"Chuchumaa," Dada aliniambia. "Usikanyage. Angalia."

Mwanzoni sikuona kitu. Halafu nikaona. Chini kabisa, katikati ya mchanga na kuvumwani, ule ukijani laini kama sufi, kulikuwa na vimea vyekundu vilivyolala bapa kama sarafu. Kila jani lilikuwa na vinywele, na kila kinywele kilikuwa na tone juu yake, linang'aa kama umande. Lakini ilikuwa saa saba mchana na umande wa asubuhi ulikuwa umekauka zamani. Juu ya jani moja kulikuwa na kidudu kidogo chenye mabawa, kinajaribu kuinua mguu. Kikiinua mmoja, mwingine unanasa. Vinywele vya pembeni vilikuwa vimeanza kuinama kukielekea.

"Unamkumbatia?" nikauliza.

"Unamla."

"Meno yake yako wapi?"

Dada alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Kisha akanieleza polepole, kama alivyonieleza kila kitu. Udongo wa pale ulikuwa umeoshwa na maji miaka na miaka, hauna chakula ndani yake. Mimea mingine ikashindwa, ikaondoka. Huu ukabaki, ukajifunza kujitafutia kwa majani yake. Matone yale hayakuwa umande, yalikuwa gundi, na gundi hiyo ndiyo iliyomyeyusha mdudu taratibu. Nilikubali kila neno na sikuelewa hata moja. Shuleni tulifundishwa kwamba wadudu hula majani. Nilijiuliza kama mwalimu anajua, na kama ni vizuri nimwambie.

Dada alivunja vijiti vyembamba vilivyokauka, vilivyokuwa vimebeba maua, akavigonga juu ya karatasi ya daftari. Lilianguka vumbi jeusi. Nilidhani ni uchafu, nikataka kulipuliza. Akaushika mdomo wangu kwa vidole viwili.

"Hizo ni mbegu, wewe. Baba akishalima hapa hakitabaki kitu. Tutazipanda nyumbani. Jumamosi nitakuonyesha jinsi ya kufanya."

Jumamosi hiyo haikufika. Siku ya Alhamisi nilipokuwa natoka shule nilimkuta Dada njiani, amepakiwa kwenye pikipiki, begi lake mbele ya dereva. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwomba dereva asimame, akanipa ile karatasi, imekunjwa mara nne.

"Zipande zile mbegu," alisema. "Zikianza kula, uniletee nizione."

"Unakwenda wapi?"

"Endasak, kwa mama mdogo."

"Utarudi lini?"

Alinishika kichwa. "Zikianza kula, Fausta, uniletee."

Pikipiki ikaondoka. Nilibaki na karatasi mkononi, na neno lake nililichukua kama lilivyo, kama mtoto anavyochukua amri. Mbegu zikiota na kula, nitamwona Dada. Zisipoota, sitamwona. Hakuna mtu aliyeniambia vinginevyo, kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nyumbani niliuliza Dada amekwenda kufanya nini Endasak. Baba alisema, "Kusoma." Wakati huohuo, kutoka jikoni, Ama akasema, "Kupumzika." Wakatazamana. Nilipotoka nje nikaona kikombe cha bati cha Dada, kile cha bluu alichonywea chai ya maziwa tangu akiwa mdogo, kimechomekwa kwenye kijiti cha uzio, mdomo chini. Sikuwa nimewahi kuona kikombe kimewekwa pale. Nilikitoa nikakirudisha kabatini. Asubuhi yake nikakikuta tena kwenye uzio.

Sasa nikueleze nilivyopanda, maana kosa langu ni la mtoto wa Mbulu kabisa. Nilichukua kidumu cha mafuta ya kula, nikakikata ubavuni kikawa kama beseni. Nikajaza udongo mzuri wa shambani. Nikaenda kwa Ama kuomba samadi, naye akafurahi sana kuona mjukuu wake wa darasa la tatu anapanda kitu kwa hiari yake.

"Unapanda nini?"

"Maua ya Dada."

Akanichagulia samadi iliyooza vizuri, nyeusi, ile anayoitunzia vitunguu. Akanionyesha: toboa kwa kidole mpaka kwenye kiungo cha pili, weka mbegu mbili, funika, shindilia kidogo. Lakini mbegu mbili za vumbi utazishikaje? Nililamba kidole, nikagusa karatasi, nikaingiza shimoni chochote kilichonata. Nilifanya mashimo ishirini. Nikamwagia maji ya bomba la kijijini, yale yenye chumvichumvi ambayo huacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Nilitumia nusu ya vumbi lile. Nusu nyingine niliibakiza kwa sababu tu kidole kilichoka.

Nilingoja wiki mbili. Wiki nne. Ilichipua bangi mwitu, yakachipua majani ya ng'ombe, na siku moja ukachipua mhindi mmoja ambao sikujua ulitoka wapi. Wenzangu shuleni walipata habari. "Fausta anafuga majani!" walinipigia kelele wakati wa mapumziko. "Fausta, yamekojoa leo? Umeyafunga kamba?" Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimewaambia kwamba yatakula nyama, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Siku moja Baba alipokuwa anaoga nilichukua simu yake. Nilijua kuandika, lakini si vizuri. Nikamtumia Dada ujumbe kwamba mbegu hazioti na nimezifukia vizuri na samadi nzuri ya Ama. Jibu lilikuja Baba akiwa bado anajimwagia maji. Naikumbuka kila herufi: "Usifukie. Usiweke samadi, itaziua. Chukua mchanga wa kulekule, mwaga mbegu juu kama chumvi, basi. Maji ya mvua tu. Ziache kwenye mwanga. Nakupenda. Futa hii."

Niliifuta. Lakini kwa nini niifute? Ujumbe wenyewe ulihusu mbegu na maji. Nilijiuliza ni neno gani baya ndani yake, na nikaamua kwamba labda ni lile la kusema samadi inaua. Katika nyumba yetu lilikuwa neno zito.

Nilikwenda kule chini kwenye maji. Nilifika kwa wakati, kwa sababu Baba alikuwa ameanza mifereji upande wa juu na vimea vingi vilikuwa vimefunikwa na udongo. Nilijaza kidumu kingine mchanga na kuvumwani. Nikamwaga nusu iliyobaki ya mbegu juu yake, sikufunika na kitu. Nikakata chupa kubwa ya maji nikaifunika juu kama paa, ili unyevu usikimbie, na nikakiweka kidumu juu ya pipa, upande unaopata jua. Maji niliyachota kwa siri kwenye tangi la plastiki lililokusanya mvua ya paa. Wakati wa kiangazi maji yale yalikuwa ya chai tu, na Baba aliyalinda. Kila siku niliiba kikombe kimoja, nikaungama dhambi hiyo mwezi wa tisa.

Ukitaka kupanda mbegu kama hizo na wewe, nitakuambia jambo gumu ni lipi. Si maji, si mchanga. Ni kutazama udongo mtupu kila siku na kuamini kwamba una kitu. Baada ya wiki tano niliona nukta za kijani, ndogo kuliko kichwa cha sindano. Nilidhani ni ukungu. Baada ya wiki nyingine mbili nukta zikapata rangi nyekundu, na kwa kuweka jicho karibu kabisa niliona vinywele. Niliruka. Nilihesabu thelathini na tatu. Nikawa nawasalimia asubuhi kabla ya kwenda shule, na kuwaomba wale haraka.

Ama alikiona kidumu. Alipita, akasimama, akatazama, akatikisa kichwa. Mchanga mweupe, maji, vimea vyekundu vimelala kama vinakufa.

"Watoto wako wana njaa," aliniambia.

"Hawana, Ama. Ndivyo walivyo."

"Nani amekuambia?"

Kilichokuwa kimeniambia nilikuwa nimekifuta. Nikasema, "Najua tu," nikaona uso wake umelegea kwa huruma, kama wa mtu anayemtazama mtoto akimpa mwanasesere uji.

Siku ya kidudu cha kwanza ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Nilikiona asubuhi, kadogo kama nukta ya kalamu, kamenata kwenye jani la mmea wa pembeni kabisa. Nilikwenda shule nikiwa siko shuleni. Nilipanga maneno ya kumwambia Baba: zimeanza kula, nipeleke Endasak. Nilirudi mbio. Na kabla sijafika kwenye pipa niliisikia harufu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mchana, na harufu ya samadi iliyolowa ilikuwa imejaa uani, tamu na nzito.

Ama alikuwa amesimama kando ya pipa, mikono nyuma, anatabasamu. Kidumu kilikuwa cheusi kote. Alikuwa amesaga samadi yake bora kwa vidole mpaka ikawa laini kama unga, akainyunyiza kwa uangalifu kati ya vimea vyangu, bila kuvunja hata kimoja. Ilikuwa kazi ya saa nzima, naye macho yake hayakuwa mazuri.

"Nimekusaidia," alisema.

Sikulia siku hiyo. Nilingoja, nikijiambia labda Dada amekosea, kwa sababu kati ya Dada na Ama sikujua ni nani anayejua zaidi mambo ya kuotesha. Siku ya tatu vimea viligeuka kahawia. Siku ya tano vilikuwa kamasi. Ndipo nikalia, mbele ya Ama, kwa sauti iliyofanya ng'ombe wageuke kutazama.

"Alisema usiweke samadi! Alisema itaziua! Alisema zikianza kula ndiyo nitamwona, sasa sitamwona tena!"

Ama aliweka kikapu chini. "Nani alisema?"

"Dada."

"Lini?"

"Kwenye simu. Ya Baba." Nilijua nimeshaharibu, basi nikamaliza yote. "Alisema mwaga kama chumvi, na maji ya mvua, na nakupenda, na futa hii."

"Futa?"

"Alisema niifute. Nikaifuta. Ndiyo maana sikukuambia."

Nilingoja kofi, au kelele. Ama alikaa kwenye jiwe la kunolea visu. Alikaa muda mrefu sana, akitazama kidumu, na midomo yake ilikuwa ikitikisika kama anasali. Nilifikiri anahuzunikia vimea. Nikamwonea huruma, nikamwambia, "Usijali Ama, hukujua." Hapo akafunika uso kwa khanga yake, na mimi nikazidi kushangaa.

Kisha akainuka, akatafuta mwiba mrefu wa mgunga, akaanza kuondoa samadi. Chembe moja baada ya nyingine. Nilimletea maji ya tangi akaosha mchanga, tone kwa tone. Jioni tuligundua kwamba mmoja ulikuwa hai, ule wa pembeni kabisa, pale ambapo mkono wake haukufika vizuri. Ulikuwa na majani manne. Juu ya jani moja palikuwa na mabaki makavu ya kile kidudu. Ama alinifanya nimweleze kila kitu nilichokijua, nami nikamweleza kama Dada alivyonieleza, polepole. Alisikiliza akiwa ameinama, pua karibu na jani.

"Kumbe ana mikono yake," alisema mwishowe.

Jumamosi asubuhi Ama alitoka chumbani amevaa gauni lake la kanisani na viatu. Baba alikuwa anakunywa chai.

"Nakwenda Endasak," Ama alisema.

Baba aliweka kikombe. "Kufanya nini?"

"Kupeleka jani. Lina mwenyewe."

"Mama, wewe ndiye uliyesema aondoke."

"Nilisema. Leo nasema tena."

Baba alikwenda kwenye pipa, akakichukua kidumu, akakikausha pembeni kwa mkono wa shati lake, akahakikisha kile kipande cha chupa kimekaa sawasawa juu. Akanikabidhi mimi. "Usikiinamishe," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

Ama hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alikaa upande, akamshika dereva masikio kwa zamu na kumwambia aende taratibu, kuna mgonjwa. Dereva akauliza mgonjwa ni nani. Ama akaonyesha kidumu mapajani mwangu. Tukapanda basi, tukashuka milima, joto likapanda, na mlima Hanang ukatokea mbele yetu ukiwa na wingu kichwani. Kutoka barabarani tulikwenda kwa miguu. Mimi niliangalia jani, Ama aliangalia njia.

Dada alitoka mlangoni kwa mama mdogo akiwa amebeba ungo. Tumbo lake lilikuwa kubwa. Nilikuwa mtoto wa wafugaji, nilijua tumbo la namna hiyo. Lakini nilichojua kilizidi kunichanganya. Ng'ombe wetu aliposhika mimba, Ama alifurahi, Baba alifurahi, tulipita tukimpapasa. Hakuna ng'ombe aliyepelekwa Endasak.

"Shikamoo, Ama," Dada alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mama mdogo alitoka mbio, akatukaribisha, akaenda jikoni kuleta chai. Ama akamwambia, "Wewe kaa. Marselina ndiye amimine."

Dada na mama mdogo walisimama kama wameitwa na mwalimu mkuu. Dada alisema kwa sauti ndogo, "Ama, ina maziwa."

"Nimeona."

Dada akamimina. Ama akapokea kikombe kwa mikono miwili, kutoka mkononi mwake, akanywa. Hakunywa kwa adabu ya ugenini, alikunywa chote, mpaka kikombe kikamfunika uso. Kisha akakinyoosha tena. "Ongeza." Dada alimimina huku machozi yakidondoka kwenye birika, na mama mdogo alikuwa amegeukia ukuta.

Na mimi? Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeshika kidumu tangu Bashay, mikono imekufa ganzi, na hakuna aliyekitazama. "Dada, mmea umeanza kula!" nilisema. "Angalia basi, bado mguu wa mdudu unaonekana!" Alinivuta kwake na kidumu changu, akatazama, akasema ni mzuri, lakini nilijua hatazami. Akasema nikiweke dirishani, kwenye mwanga.

Mchana Ama alimwambia, "Fungasha. Utajifungulia kwangu." Tulirudi watatu. Basi lilikuwa limeshaanza kupanda milima nilipokumbuka. Mmea ulikuwa umebaki dirishani Endasak. Nililia kutoka pale mpaka nyumbani, na abiria wakawa wanamwambia Dada, mdogo wako ana upendo, ona anavyolia kwa furaha. Mama mdogo aliutunza vizuri sana, kwa taarifa tulizopata. Aliuona umedhoofika akauwekea samadi.

Mtoto alizaliwa wiki chache baadaye, msichana, chumbani kwa Ama. Lakini jambo ninalotaka kukuambia lilitokea kabla ya hapo, na sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Tangu siku tuliyorudi, Ama aliamka mapema zaidi. Nilimwona zizini kabla mtu hajakamua, akienda kwa ng'ombe mmoja mmoja, akipapasa viwele kwa kiganja, akikamua tone moja, akilitazama kwenye mwanga, akilinusa. Alifanya hivyo kila asubuhi, wiki baada ya wiki. Alikonda. Nilidhani anachagua samadi.

Ni Dada aliyenieleza, miaka mingi baadaye, siku ya mazishi ya Ama. Kwa desturi aliyokulia Ama, msichana aliyeshika mimba bila kuolewa hakulala tena nyumbani kwa baba yake, wala hakushika maziwa, na kikombe chake kilitolewa nje. Aliyepokea maziwa mkononi mwake alipeleka madhara zizini kwake mwenyewe: viwele vitakauka, ndama watakufa. Ama alikwenda kanisani kila Jumapili, na jambo hilo aliliamini vilevile. Hakuacha kuliamini siku ile Endasak. Alikunywa huku akiamini.

Kwa miaka mingi nilidhani ni mmea wangu uliomrudisha Dada. Baadaye nikadhani hapana, ni Ama. Siku hizi sijui tena, kwa sababu bila kile kidumu sijui Ama angesema anakwenda kupeleka nini. Ninachokiona vizuri ni yeye zizini, peke yake kwenye ukungu wa Bashay, mkono chini ya ng'ombe, akingoja adhabu ya vikombe viwili vya chai. Maziwa yalitoka. Kesho yake akaenda tena kuangalia.